Mapengo na Tangazo la Mablanketi

Shemeji yangu tunamwita Mapengo. Meno anayo yote, tena makubwa kuliko anavyoyahitaji. Jina kalipata kwenye kituo cha televisheni, maana kazi yake ilikuwa kujaza matangazo ya biashara kwenye mapengo ya mpira. Mchezaji kaumia, tangazo. Mapumziko, matangazo. Ukiona kipa analia, halafu ghafla katokea mama anacheka na sabuni, ujue Mapengo kabonyeza.

Miaka ya neema alikuwa na kiburi hicho! Fainali ikikaribia, makampuni yanampigia simu utadhani kazaa mapacha. "Mke wangu," anamwambia dada yangu, "leo nimewafungia nje watu wa rangi za nyumba." Kama mlango ni wake.

Halafu uchumi ukaenda kombo. Mimi shule sikukaa sana, ila ni kinyozi, na najua hali ni mbaya watu wakianza kunyoana wenyewe nyumbani. Kampuni nayo ni kama mtu tu: njaa ikiingia, cha kwanza kuacha ni kujisifu. Zamani fainali ilikuwa na matangazo arobaini yanagombania nafasi. Mwaka huo yalikuja matano. Chumbani kwao kazini walikuwa watu sita, akabaki yeye na feni.

Bosi wake ni mwanamama anayeongea taratibu, na hapo ndipo anapotisha. Ijumaa alimwambia: "Hayo matano, kila moja mara mbili, basi. Ukirudia mara ya tatu tutaonekana ombaomba. Na skrini ikiwa nyeusi hata sekunde moja, Jumatatu usije."

Tangu hapo chakula hakikushuka. Dada akaniita. "Kaka, msemeshe mwenzio. Atakufa na mpira usio wake."

Nikamsemesha. Akaniangalia kama mtu anayesikiliza maji yakipanda.

Na haikuwa hofu ya bure. Nyumba nzima ilikuwa imening'inia kwenye mshahara wake. Sebuleni kwao alikuwa analala kaka yake mkubwa, aliyemlea na kumsomesha kwa kazi ya kiwanda cha mablanketi. Miaka ishirini na miwili kazini, kisha asubuhi moja wakakuta kufuli. Miezi minane sasa yuko kwenye kochi, mpaka kochi limechukua umbo lake.

Jumapili ya fainali, mchana, tukakaa mbele ya televisheni: kaka mkubwa, dada na mimi. Mapumziko yakaingia. Tukayaona matangazo matano. Tukayaona tena. La godoro dada alikuwa ameshaliweka kichwani, akawa analisema yeye kabla ya mtangazaji. Ikarudi studio. Wachambuzi zamani walikuwa watatu; amebaki mmoja, na huyo mmoja akaanza kukohoa. Akakohoa mpaka machozi. Akaashiria kwa mkono kwamba basi, hawezi.

"Mungu wangu," dada akasema, akafunika uso na kanga.

Skrini haikuwa nyeusi. Akatokea bibi kizee anamfunika mjukuu blanketi. Sauti nzito ikasema: "Joto limerudi! Milango ya kiwanda iko wazi, karibuni nyote!"

Dada akashusha pumzi. Kaka mkubwa akasimama. Mimi miezi minane sikuwahi kumuona akisimama haraka hivyo.

"Wamefungua," akasema. "Mmesikia? Wamefungua!"

Hata kipindi cha pili hakukiangalia. Simu yake ilikuwa inaita, wenzake wa zamani, huyu anampa yule. Nami mjinga nikamshika mkono, nikampongeza.

Jioni Mapengo akaingia anacheka. Skrini haikuzima! Bosi kampigia kusema ahsante, kwa taratibu yake ile. Akamkuta kaka yake anapiga pasi ovaroli.

"Unaenda wapi, kaka?"

"Kazini! Si mmetangaza wenyewe? Mdogo wangu, nitakuachia kochi lako, upumue."

Mapengo akacheka kicheko cha mtu aliyekalia mwiba. Kisha akanivuta uani.

"Shemeji, lile tangazo ni la mwaka juzi, walikuwa wanaita wanunuzi. Lilibaki kwenye kompyuta. Nilikuwa na sekunde arobaini tupu, mkono ukaenda wenyewe."

"Si umwambie?"

"Nikimwambia, atawaambia wenzake, na bosi atajua. Kurusha tangazo ambalo halijaagizwa, kazi imeisha hapo hapo. Tutakula nini humu ndani?"

"Basi nyamaza."

"Nikinyamaza, ataenda."

Mimi nanyoa vichwa, ya ndani siyajui.

Asubuhi kaka mkubwa akaondoka na buti zinang'aa. Sisi wawili tukamfuata kwa mbali kama wezi. Kwenye geti la kiwanda walikuwepo watu kama mia mbili, wote na ovaroli zimenyooshwa. Ndani mlinzi alikuwa anapiga kelele: "Hakuna kazi hapa! Nani kawaambia?"

"Televisheni! Unatuficha nini wewe?"

Geti likaanza kutikiswa. Wa nyuma wanasukuma, wa mbele hawana pa kwenda. Mapengo kanikamata shati.

"Shemeji, wakijua ni mimi wataniua."

"Basi twende zetu."

Hapo ndipo alipomuona kaka yake, wa mbele kabisa, shavu limebanwa kwenye vyuma, mdomo wazi anatafuta hewa. Shati langu likaachiwa. Nikamuona Mapengo juu ya pipa.

"Jamani! Acheni! Tangazo nimerusha mimi! Ni la zamani! Hakuna kazi!"

Geti likaacha kutikiswa, vichwa mia mbili vikamgeukia. Vichwa nimevizoea, lakini vile vilinifanya nitafute njia ya kukimbilia.

Mama mmoja akauliza, "Kwa nini umetufanyia hivi?"

"Nilikuwa na pengo," akasema. Hakuna aliyecheka. Simu ziliinuliwa, zinamchukua picha.

Kaka mkubwa akageuka, watu wakampisha. Nikasema basi, leo dada anakuwa mjane. Akafika kwenye pipa, akanyoosha mkono.

"Shuka," akasema. "Utaanguka."

Bosi alipiga kabla hatujafika barabarani. Aliongea taratibu. Hakuongea sana.

Fainali iliyofuata tuliiangalia pale pale sebuleni. Kochi sasa lina maumbo mawili, kila ndugu na upande wake, na dada anashonea watu nguo mezani. Mapumziko yakaja na matangazo matatu. Baada ya hapo skrini ikawa nyeusi, tii.

Nikaangalia mkono wa Mapengo. Kidole kilikuwa kinabonyeza kochi. Kinabonyeza, kinabonyeza.

"Acha, mdogo wangu," kaka yake akamwambia. "Hilo si lako tena."

Kidole hakikuacha mpaka mpira uliporudi.