Mgeni Aliyekuja na Picha ya Mama

Ni mwaka ule ambao muhogo uliozea shambani kwa mvua, tukala ming'oko asubuhi na jioni, ile mizizi ya porini, hata paka wangu akaizoea. Ndipo mama mmoja wa Kizungu, mchoraji, alipokuja Kiswere akapanga chumba changu cha uani. Mimi mjane. Wanangu wako Dar, wana kazi nzuri, sisemi uongo. Lakini kazi nzuri haiji kukaa nawe jikoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Nikampa ming'oko. Akatafuna na maganda yake.

"We mwanangu! Hata mbuzi angeuliza kwanza!"

Tukacheka. Nyumba hii haikuwa imesikia kicheko tangu tumzike mume wangu. Nikawa napika chakula cha watu wawili, na nilipenda.

Siku moja akanionyesha picha kwenye simu. Babu yake naye alikuwa mchoraji. Alikuja pwani hii baina ya vile vita viwili vya Wazungu, kwao kumemchosha, anatafuta cha kuchora. Akamchora msichana kwenye baraza yetu, kichwa wazi, kanga imeshushwa mabegani, macho chini. Kovu la kidevuni nililijua. Mama yangu.

Mama alizeeka akitwanga na kupepeta kaipa barabara mgongo. Tangu nipate akili, sikumwona akikaa barazani hata mara moja. Sisi tulidhani ndiyo tabia yake. Kumbe ni ile picha.

"Babu alisema hajaona uzuri kama ule," mgeni akasema. "Nataka nikuchore palepale, vilevile. Nikianza, nitakaa mpaka Ramadhani iishe."

Mpaka Ramadhani iishe! Mtu wa kufuturu naye!

"Mtandio sivui, na hapo sikai."

"Lakini bibi, ni heshima."

"Heshima ya nani? Mama yangu aliulizwa?"

Akainamia chai yake. Wiki ileile akafungasha, akaenda Kilwa Masoko kutafuta bibi mwingine. Hatukugombana. Aliniaga kwa mikono miwili.

Jioni hiyo mjukuu wangu akapiga simu, nikamsimulia. Yeye ni nesi, nesi kweli, si wa kusukuma vitanda.

"Bibi na wewe! Mtandio tu? Sasa hivi ungekuwa na mtu wa kuongea naye."

Niliitazama sufuria. Mkono wangu ulikuwa umeshapika ming'oko ya watu wawili, na ilikuwa inapoa.

"Bibi? Nimwambie arudi?"

"Mtandio sivui, na hapo sikai."