Nilishonea shule moja ya Kimumu uniform za bure, wanafunzi wakaanza kupotea

Wakuu, salamu kutoka Eldoret. Hii sikuambiwa na mtu, niliifanya mimi mwenyewe, na kama kuna mtu wa Kimumu humu ndani atanijua mara moja. Sawa tu. Wacha niandike, kwa sababu tangu hiyo maneno itokee sikai mahali nikatulia.

Mimi ni fundi wa nguo. Nilikuja hapa kutoka Kakamega na cherehani moja, na kazi yangu kubwa ni uniform za shule. January sina mchezo, watoto wanapimwa mpaka nje ya mlango. Mtoto akipita barabarani naangalia pindo la sketi kabla sijaangalia uso. Ndio ugonjwa wangu.

Sasa, huku kwetu kuna shule ndogo ndani ya hall ya kanisa. Jina sitaji. Inachukua wale shule zingine zimeshindwa nao ama zimewafukuza. Wasichana wamezaa, vijana walikuwa wamezama kwa pombe, wengine waliacha masomo kitambo wakaona aibu kurudi. Ukifika na mtoto mgongoni, unaingia naye. Ukichelewa kwa sababu ulikuwa kibaruani, unaingia. Mwalimu mkuu ni Madam Rose, sauti yake iko chini mpaka lazima umkaribie ndio usikie.

Alikuja kwangu nimshonee pazia la kugawanya madarasa mawili. Nikalipeleka mwenyewe.

Ghai! Wanafunzi wenyewe, mmoja amevaa jezi ya mpira, mwingine leso, mwingine apron imejaa unga. Huyo wa apron ndiye Naomi. Miaka kumi na nane, mtoto wa miaka miwili, form four. Asubuhi alikuwa anapika mandazi kwa kibanda cha mama mmoja karibu na stage ya matatu, halafu anakimbia darasani. Mimi niko hapo juu ya kiti napima pazia nikihesabu kwa sauti, yeye anaandika, akaniambia bila kuinua kichwa, "Mama Brian, hiyo itapungua nusu mita."

Ikapungua nusu mita kweli. Nikampenda hapo hapo.

Nikarudi dukani lakini roho haikutulia. Nikawaza, hawa watoto wana akili, shida ni vile hawakai kama wanafunzi. Wakivalishwa wataheshimiwa. Nikasumbua wateja wangu mpaka wakachanga kitambaa, nikashona. Sweta za kijani, sketi, suruali, na beji kubwa kwa kifua yenye jina la shule. Aki ilikuwa kazi safi.

Madam Rose aliniuliza swali moja tu. "Mama Brian, umewauliza?"

"Niwaulize nini, Madam? Nani anakataa uniform ya bure?" Hata nilicheka.

Siku ya kupeana kulikuwa na maombi, nyimbo na picha. Mimi nililia. Naomi akavaa, akasema asante, akaangalia chini. Nikasema ni haya tu ya wasichana.

Wiki ya kwanza nikaona sweta zangu zikipita mbele ya duka, nikasikia raha. Wiki ya pili zikapungua. Jumatano nikamuuliza Madam Rose, akaniambia karibu nusu ya wasichana hawaji. Naomi hajaonekana siku nne. Na Ijumaa ndiyo ilikuwa mwisho wa kuandikisha watu wa mtihani, na Madam alikuwa ameshawaambia lazima mtu afike mwenyewe na birth certificate. Asipofika, angoje mwaka ujao. Na msichana mwenye mtoto ukimwambia mwaka ujao, ni kama umemwambia basi.

Niliacha sketi ya mtu chini ya sindano nikaenda kibandani.

Mwenye kibanda akaniambia amemfuta. "Alikuja hapa na sweta ya shule. Watu wakaanza kuniuliza kwani naajiri watoto wa shule. Mimi sitaki kesi." Nilikuwa nimefungua mdomo nimjibu vibaya, halafu nikakumbuka hiyo sweta ilitoka kwa nani.

Nikamtafuta Naomi mpaka kwake. Alikuwa anafua nguo za watu. Hata salamu sikungoja. "Naomi, kwani unataka nini? Nimekushonea na mikono yangu!"

Akakausha mikono, akaingia ndani, akatoka na ile sweta. Imekunjwa vizuri, haina hata doa.

"Mama Brian, ulishona vizuri," akasema. "Lakini nilipopata mimba, shule yangu ya kwanza walinitoa assembly. Mwalimu akaniambia niache sweta kwa gate, eti nisiharibie shule jina huko nje. Nilitembea na shati tu, tumbo linaonekana, mpaka nyumbani."

Akaniwekea ile sweta mkononi.

"Kwa Madam, kabla ya hizi sweta, nilikuwa napita barabarani kama mtu yeyote anaenda job. Hakuna mtu alikuwa anajua. Sasa watu wanasoma kifua, halafu wanaangalia mtoto mgongoni."

Wakuu, mimi huongea, muulize bwanangu. Hapo niliigeuza tu ile sweta nikaangalia beji. Sweta zote hizo nimeshona maisha yangu, na sijawahi kufikiria kuna mtoto aliambiwa avue moja. Inawezekana hata hiyo ya kwa gate niliishona mimi.

Nikatoa wembe kwa mkoba, nikakaa juu ya ndoo, nikaanza kufumua ile beji. Kwa haraka zangu nikajikata kidole. Naomi akanichukua wembe akamalizia mwenyewe.

Hapo ndio nikauliza. "Unataka nikushonee nini?"

"Begi," akasema. "Ya kubeba vitabu, lakini ikae kama ya mtu anaenda kazi."

Niliishona siku hiyo hiyo. Nyeusi, na mfuko wa ndani wa nguo za mtoto. Alhamisi nikampelekea, nikapitia shuleni nikaomba msamaha mbele ya wale walikuwepo, nikawaambia waniletee sweta zote nifumue beji.

Ijumaa nilisimama kwa mlango wa hall toka asubuhi. Saa nne, hakuna. Saa sita, hakuna. Madam Rose ananiambia nikae, nitakaa vipi? Saa nane na nusu ndio Naomi akaingia anahema, mtoto mgongoni, begi begani, karatasi mkononi. Alikuwa anamalizia kufua.

Akaandikishwa.

Lakini si wote walirudi. Wasichana wawili hatujawapata mpaka leo. Siku hizi nikiona msichana na mtoto mgongoni naangalia uso kwanza.

Nilichojifunza ni hiki. Shule kama hizi zisaidieni, tena sana. Zinahitaji walimu, chakula, mtu wa kushika watoto wakati mama zao wako kwa hesabu. Lakini uliza kwanza, na uulize wale wanasoma, si wewe na wateja wako. Kama umesoma ama umefunza mahali kama hapa, niambie ni wapi pengine naharibu. Hata ukinigombeza, andika, nitasoma yote.

Naomi hupita mbele ya duka kila siku na begi yake. Ananiambia, "Habari ya kazi, Mama Brian?" Namjibu, "Nzuri, na yako?" Tunaachia hapo.

Beji zote tulizofumua ziko kwa mkebe chini ya cherehani. Naomi aliniambia ya kwake nisitupe, atakuja kuichukua siku ya paper ya mwisho ya mtihani.