Koleo Ndani ya Sufuria ya Shangazi

Walisema sitaweza. Mjomba wangu, fundi baiskeli hapa Kasongo, alitangaza soko zima likisikia: "Huyu mutoto atang'oa meno ya nani? Ya kuku?" Nikaenda Bukavu, nikasoma, nikarudi na diploma ya utunzaji wa meno. Nikafungua chumba cha meno, nikaitundika ukutani kabla ya pazia.

Vitu vingine vilikuwa vya kuazima. Kiti kilikuwa cha mjomba, jiko la makaa la jirani, sufuria ya presha ya shangazi, aliyenionya: "Ramadhani ikiingia, nataka sufuria yangu. Maharagi haijipikie." Kama ningemrudishia, ningefunga mlango, kwani umeme hatuna, na mvuke wa sufuria hiyo ndio ulioua vijidudu kwenye makoleo yangu.

Tatizo, mvuke hauna haraka. Kila koleo nililifunga kitambaani, likapikwa nusu saa, filimbi ya sufuria ikilia. Mwenye jino linalouma hataki kusikia nusu saa. Wote walikimbilia kwa mng'oaji wa sokoni, aliyepangusa koleo lake moja kwenye suruali. Zikabaki wiki tatu Ramadhani iingie, mgonjwa sina.

Nikalitoa jiko uani, nikalipika koleo mlangoni, watu waone.

Mama mmoja, mfanyabiashara wa dhahabu kutoka Salamabila, akashuka kwenye pikipiki, shavu limevimba. Huko alikuwa ameng'olewa jino kwa koleo lililotoka moja kwa moja kinywani mwa mchimbaji.

"Docta, unapika nini?"

"Koleo, mama."

"Chumvi umetia?"

Wapita njia wakacheka. Yeye akavuta benchi. "Nitangoja. Ile ya haraka ndiyo ilinivimbisha."

Nilisafisha kidonda, nikatoa kipande cha mzizi kilichosahauliwa, kazi safi kabisa. Alipopona, aliwaambia wenzake Salamabila: "Sufuria haijalia, usifungue kinywa!" Wakaja kwa pikipiki. Hata aliyetaka kutazamwa tu alidai filimbi kwanza.

Siku mbili kabla ya Ramadhani niliwalipa wote. Jirani alipata jiko jipya. Shangazi alipata sufuria mpya, akainusa. "Hii haijapika koleo?"

"Hapana, shangazi."

"Basi ile ya zamani kaa nayo. Nani atafuturu nayo?"

Wa mwisho alikuwa mjomba. Nilimhesabia bei ya kiti chake, akapokea kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa shavuni.

"Mwanangu, nianze mimi. Linauma."

Nikamwonyesha benchi, nyuma ya wachimbaji watatu.

"Ngoja filimbi, mjomba. Hata kuku wanangoja."