Mwenye Kiwanja

Baba aliuza petroli ya chupa kwa miaka mingi, juu huko milimani Uluguru, pale ambapo bodaboda husimama kupumzika kabla ya kumaliza kupanda. Chupa zilikuwa zile za maji ya kunywa, zimepangwa mezani kando ya barabara, na dumu lenyewe lilikaa uvunguni mwa kitanda. Sheria inakataza yote mawili. Nilijua hilo kuliko mtu yeyote nyumbani, maana nilikuwa msimamizi wa zamu kwenye kituo cha mafuta Kihonda, chini mjini, na kazi yangu, ukiacha kubadilisha bei kwenye bango kila mamlaka inapotangaza mpya, ilikuwa kuwakatalia wenye madumu. Nikienda likizo nililala chumba cha jirani na lile dumu, na usingizi niliupata bila shida.

Siku moja mgambo walipanda, wakachukua chupa zote na dumu, wakamwambia baba kwamba akikutwa tena atafikishwa mahakamani. Alikaa wiki nzima bila la kufanya, akizunguka uani na kuwasemesha kuku.

Nikamweleza kwamba kanuni zinaruhusu kituo kidogo cha kijijini: pampu moja, tangi, mitungi ya kuzimia moto, ndoo za mchanga, umbali wa kutosha kutoka kwenye nyumba. Tangi na pampu aliahidiwa na chama cha wakulima wa mboga, waliochoka kushuka mjini kufuata mafuta ya mashine za kumwagilia. Kilichobaki kilikuwa fomu ya leseni. Niliijaza mwenyewe, kwa mwandiko ninaojivunia, na penye mmiliki wa kiwanja nikaandika jina la baba. Sikufikiri hata kidogo. Baba alilisoma jina lake mara mbili, akacheka peke yake, akavaa shati la kanisani ingawa ilikuwa Jumanne.

Kwetu Waluguru ardhi hupita kwa mama. Baba alipooa alikuja kujenga kwenye ardhi ya ukoo wa mama, akalima humo zaidi ya miaka thelathini, na sisi watoto wake ni watu wa ukoo huo. Cha baba, kwa mila, huenda kwa wapwa zake, watoto wa dada zake, wanaokaa upande wa pili wa mlima. Haya yote nilikua nayo. Miaka kumi ya Kihonda ilitosha kunisahaulisha.

Kijiji hakikugonga mhuri kabla ukoo haujaridhia, kwa hiyo Jumapili baada ya misa mjomba, kaka mkubwa wa mama na msemaji wa ukoo, alikuja kuisoma fomu. Aliisoma taratibu, kwa kidole.

"Nani kaandika hapa?"

"Mimi, mjomba."

"Na shule yote ile tuliyokusomesha."

Kisha akamgeukia baba. Hakupandisha sauti.

"Shemeji, mimi sina ugomvi na wewe, unajua. Lakini karatasi ya serikali haizeeki. Ukifa kesho, wapwa zako watashuka na karatasi hii mkononi, na dada yangu atahama kwao alikozaliwa. Sasa sema mwenyewe, wanao wanasikia. Kiwanja hiki cha nani?"

Mama alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa. Nilimkasirikia mjomba, halafu nikajikasirikia mimi, kwa sababu alikuwa sahihi. Baba aliishi pale miaka yote bila mtu kumuuliza swali hilo, na asingeulizwa kamwe kama si mwandiko wangu mzuri.

"Cha kwenu, shemeji," baba alisema. Akanitazama. "Andika jina la mama yako."

Nikaandika upya, maana fomu haitakiwi kuwa na neno lililokatwa. Mjomba alisaini siku hiyohiyo, akala wali, akaaga vizuri. Leseni ilitoka baada ya miezi kadhaa, pampu ikasimikwa, na baba akaenda mjini kusomea namna ya kuhudumia mafuta, akarudi na cheti na ovaroli iliyomzidi kimo.

Mkaguzi alikuja wakati nipo likizo. Akapima umbali, akahesabu ndoo za mchanga, akalisoma jina la mama kwenye leseni ukutani. Mama alikuwa shambani.

"Mwenye kituo yuko wapi?"

"Yuko shamba," alijibu baba.

"Na wewe ni nani hapa?"

Baba alijifuta mikono kwenye ovaroli.

"Mhudumu, mheshimiwa."

Mkaguzi akaandika, mhudumu mmoja, ana cheti. Akanitazama na mimi, kama mtu anayesubiri nyongeza. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwa baba, na sikusema kwamba ni baba yangu.