Januari Ilipoingia Katikati ya Fainali

Desemba ile nyumba yetu ya Vickery Meadow, mtaa wa Dallas, ilinuka sombe, yaani kisamvu, na dawa ya kuchua misuli. Kaka yangu Bahati alijipaka dawa hiyo kila jioni, hadi mama akalalamika kwamba hata ugali umeshika ladha yake. Nilikuwa na miaka kumi. Timu ya soka ya vijana wa Kikongo wa Dallas ilikuwa imefika fainali dhidi ya Houston, mikondo miwili: wa kwanza kwetu, kwenye uwanja wa Garland, kabla ya Krismasi, wa pili kwao baada ya mwaka mpya. Garland tulishinda mbili bila, mabao yote mawili ya Bahati, na kocha mmoja wa chuo kikuu akaahidi kwenda Houston kumtazama tena, pengine ampe nafasi ya kusoma bure. Baba alitamba kazini wiki nzima kana kwamba yeye ndiye aliyefunga.

Sheria ilisema mchezaji asizidi miaka kumi na minane. Sasa, nyumbani kwetu sote tulizaliwa tarehe mosi Januari: baba, mama, Bahati na mimi. Ndivyo karani wa kambi ya wakimbizi alivyotuandika, maana hakuna aliyekimbia vita na cheti mkononi. Kweli ni kwamba Bahati alizaliwa Oktoba. Mwaka mpya ulipoingia, karatasi zikamfanya wa miaka kumi na tisa, na hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria hilo. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Aliyelifikiria ni kocha wa Houston, Mkongomani mwenzetu, ambaye naye, kama nusu ya watu uwanjani pale, alizaliwa tarehe mosi Januari ya makaratasi.

Siku ya mkondo wa pili alimlalamikia msimamizi wa mashindano, lakini huyo, Mkenya mpole, hakutaka kumtoa Bahati. Alimwita baba pembeni, akasema neno la mzazi litamtosha.

“Mzee, niambie ukweli tu. Huyu kijana alizaliwa lini?”

“Papa, mwambie,” Bahati akasema.

Baba alikuwa akingoja uraia, na aliogopa kila neno lisilolingana na faili lake. Akatazama viatu vyake.

“Vile karatasi inasema, ni vile.”

Bahati akatolewa, tukafungwa tatu bila. Kocha wa chuo aliondoka kabla ya mapumziko na hakupiga simu tena. Nilimchukia baba, na sitajifanya kwamba nimemaliza.

Leo Bahati anaendesha foklifti, mashine ya kuinulia mizigo, ghalani. Wanangu wanacheza kwenye nyasi laini za kitongoji cha Mansfield, na vyeti vyao vya kuzaliwa vimeandikwa hadi dakika. Watu huniambia yamepita. Mwenye kovu usidhani kapoa. Baba alipata uraia zamani. Sasa kila mgeni akija humsimulia, bila kuulizwa, jinsi mwanawe wa kwanza alivyozaliwa Oktoba, mvua ikinyesha, na jina la mkunga analikumbuka. Husema kweli yote, kwa kuwa haimgharimu kitu. Jumapili iliyopita Bahati alimsikiliza hadi mwisho.

“Papa,” akamwambia kwa upole, “ile siku walikuuliza.”