Njia ya Mununga Niliyoitembea kwa Ajili ya Tata Kabwe

Siku yangu ya kwanza kazini, katika dispensari ya misheni karibu na Kafutuma, nilikabidhiwa beseni, sabuni, sindano ya kushonea na uzi. Nilitegemea kuchoma watu dawa, kumbe kazi yangu ilikuwa miguu. Kila mwaka, majira ya baridi, waumini wa Nchelenge walitembea kwa siku kadhaa kando ya ziwa hadi kanisa la Mununga, na dispensari ilitoa mtu wa kuwahudumia. Kwa sehemu kubwa ya miaka ya sabini mtu huyo nilikuwa mimi; waliniita Mama Nasi, yaani mama muuguzi.

Ninyi vijana mna plasta za kila aina. Sisi lengelenge tulilipitishia uzi uliochemshwa, ncha zikabaki nje, maji yakatoka taratibu bila ngozi kubanduka. Ngozi ikibanduka, hujaji wako amekwisha.

Sista Mkuu, Mbelgiji aliyejifunzia Kiswahili Kongo, nilikozaliwa mimi, hakuwa na maneno mengi. “Macho yako ibakie ku mikulu ya batu,” aliniagiza. Miguu, basi. Nilimtii mpaka nikawa kichekesho: watu niliwatambua kwa visigino, sura zao zikanipita. Vilima, vijiji, hata ziwa lenyewe sikuviona. Nilitembea kwa sababu nililipwa, na sikuona ubaya wowote.

Mwaka mmoja alikuja Tata Kabwe, mvuvi mzee wa Chisenga. Mkewe aliwahi kuugua, naye mwenyewe akamwahidi Mungu kwamba akipona atakwenda Mununga kwa miguu. Alipona, akaanza hata kufunga mizigo, halafu malaria ikamchukua ghafla. Mzee akaja kuitimiza ahadi hiyo yeye mwenyewe.

Asubuhi ya mwisho nilimfungua bandeji. Kisigino kilikuwa kimeoza, na uvimbe wenye joto umepanda hadi juu ya kifundo. Katika kazi yetu hilo halina mjadala: mgonjwa anapanda lori lililobeba masufuria ya msafara, anatangulia Mununga, alikotungoja Sista, kuchomwa penisilini.

“Tata, mukwai,” nilimwambia kwa heshima, “leo unapanda kamyo.”

“Mama Nasi, ukinitia mu kamyo, ahadi ya bibi yangu itakufa.”

“Na ukitembea, utakufa weye.”

Machozi yalimtoka. Moyo uliniuma sana, lakini sikulegeza. Mwishowe akasema, “Basi utatembea pa fasi yangu. Lakini usiangalie mikulu ya batu. Uangalie njia yote, utanieleza.”

Nikakubali, na ndipo nilipoiona njia ya Mununga. Mihogo imeanikwa juu ya mawe. Mama mmoja alitupa maji ya kunywa huku akitutania kwamba tunanuka kuliko chisense zake, vile visamaki alivyokuwa akivigeuza juani. Ziwa lilibadilika rangi kila tulipopanda mwinuko, na ng'ambo kulikuwa Kongo, kwetu, nchi ambayo sikuwa nimeitazama vizuri tangu niolewe. Nililia nikiwa natembea. Nilijiuliza mke wa Tata, mama nisiyemjua, angependa kusimama wapi, nikasimama hapo kidogo, nikamwombea. Miaka yote ile sikuwahi kuomba njiani.

Sasa nimestaafu, na magoti yananinyima hata kufika sokoni. Vijana wa parokia wanaofunga viatu vyao kwenda Mununga huja kuniuliza nilipata faida gani kutembea kote kule, na mshahara wenyewe ulikuwa mdogo. Faida ni kwamba nilijua kumbe mtu anaweza kutembea kwa ajili ya mwenzake njia nzima hadi mwisho, na njia ikawa ya wote wawili. Sikujifunza hilo dispensari.

Siku ile, Mununga, nilimkuta Tata Kabwe juu ya lori, mguu umeshafungwa upya, na watu wamemsihi ashuke, amekataa. Nilipanda nikakaa kando yake, nikamsimulia mwinuko kwa mwinuko, maji, mihogo, na utani wa yule mama. Alisikiliza amefumba macho. Masimulizi yangu yalipofika mlangoni mwa kanisa, aliuliza kwa sauti ndogo:

“Bibi yangu alichoka?”

“Kidogo tu, Tata. Lakini alifika.”

Ndipo akanipa mkono, nikamshusha.