Baiskeli ya Evelyne

Evelyne aliporudi Ijumbi baada ya kumuuguza mama yake Bukoba, aliikuta baiskeli yake imeegemezwa ukutani, na kwa muda hakuitambua. Usukani wake uliojikunja kama pembe za kondoo ulikuwa umeng'olewa, na mahali pake umewekwa ule mnyoofu wa baiskeli za kubebea ndizi. Nyuma kulikuwa na keria nzito ya nondo, imechomelewa kwenye fremu. Rangi ya bluu ilikuwa imebabuka kila mahali moto ulipopita.

Mumewe, Apolinary, alitoka ndani akitabasamu.

"Karibu, mama Joanitha. Umeona? Nimekutengenezea. Sasa utabeba hata vitambaa vyako."

Evelyne aliweka mkoba chini. Alipitisha kidole pale chuma kilipoungua, akahisi matone ya chuma yaliyogandia kama upele.

Baiskeli ile haikuwa ya dukani. Evelyne ni fundi cherehani pale Muleba mjini, mwanamke mfupi mwenye miguu mirefu kuliko kiwiliwili, na baiskeli zote alizowahi kununua zilimuumiza mgongo. Ndipo akasikia habari za Rutaihwa, fundi wa Bukoba anayekata mabomba membamba ya chuma na kuyaunga kwa mkono, fremu moja moja, kwa kipimo cha mwenyewe. Rutaihwa alimpima paja, mkono na mabega, kama yeye anavyopima wateja wake. Evelyne alisubiri tangu mavuno ya kahawa mpaka msimu wa senene. Siku alipoipanda mara ya kwanza, hakuna kilichomvuta wala kumbana. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa ya kwanza, aliteremka na lami hadi Muhutwe na kurudi, peke yake, akipanda vilima ambavyo wanaume walivipanda wakikokota baiskeli zao.

"Nani alikuambia inahitaji kutengenezwa?" aliuliza.

Apolinary alikuna shingo. "Watu wanasema, waitu. Kwenye jumuiya. Kwamba mke wa mtu anainama vile barabarani, na ile kaptura anayovaa. Nikaona ikifanana na za wengine, maneno yatakwisha."

"Apolinary." Hakuwa amemwita kwa jina tupu tangu wafunge ndoa. "Majirani wakisema miguu yako ni mibaya, nikachukua suti yako ya harusi nikaishonea pindo la gauni ili ifunike, ungenishukuru?"

"Nilikuwa na nia njema."

"Nia njema ina mdomo. Ingeniuliza!"

Alipiga kelele mpaka kuku wakakimbilia kibanjani, kwenye migomba. Usiku ule hakula.

Jumamosi jumuiya yao ya kanisa ilisali nyumbani kwa mzee Kahangwa, mwenyekiti wao. Evelyne alikwenda akiikokota baiskeli, Apolinary nyuma yake akimsihi airudishe. Aliiingiza hadi katikati ya ua. Sala ya mwisho ilipokwisha, akasimama.

"Nimesikia baiskeli yangu inawanyima watu usingizi. Hii hapa. Semeni nami nisikie."

Watu walitazama rozari zao. Mzee Kahangwa akakohoa. "Mama, hapa tunaongea mambo ya Mungu."

"Na yangu mliyaongelea wapi, mzee wangu?"

Aliyejibu ni Jovina, bibi mmoja anayeuza rubisi, pombe ya ndizi. "Tulikuwa tunaongea tu, mwanangu. Watu tunaongea. Lakini hakuna aliyemwambia mumeo aichome moto."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Apolinary aliinamisha kichwa. Evelyne, ambaye alikuja kupigana na kijiji kizima, aliona kwamba maneno yale yangepita kama yanavyopita mengine, na kwamba aliyeyapa nyundo na moto ni mtu anayelala naye kitanda kimoja. Hasira yake haikupungua. Ilipata anwani.

"Jumatatu tunakwenda Bukoba wote wawili," alimwambia njiani. "Utamweleza Rutaihwa mwenyewe."

Rutaihwa aliibana baiskeli kwenye meno ya jiliwa, akakwangua rangi.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," alisema Apolinary kwa sauti ndogo. "Nilimpelekea fundi wa mageti."

"Wa mageti! Bomba hili ni jembamba, limeliwa na moto. Mkeo angeshuka mlima nayo, lingekatika. Ungemzika, bwana."

Apolinary alikaa kwenye benchi ghafla. Evelyne alimwona, na hakumhurumia. Rutaihwa alichukua msumeno na kuyakata mabomba mawili ya nyuma. Apolinary akalazimika kusikiliza mlio wa msumeno mpaka bomba la mwisho.

Fremu ilipokamilika, ikiwa na usukani mpya uliopinda kama ule wa zamani, Evelyne aliendesha mwenyewe kutoka Bukoba. Apolinary alipanda basi. Basi lilimpita Evelyne karibu na Kemondo. Akauona uso wa mumewe dirishani, mkono umeinuliwa nusu, lakini hakuachia usukani kumpungia.

Siku hizi wanakula meza moja na kwenda misa pamoja. Jumapili moja Apolinary alimkuta akijaza magurudumu upepo, akauliza taratibu:

"Mama Joanitha, bado una hasira?"

"Ndiyo," Evelyne alijibu, akakaza mkanda wa kofia yake ya baiskeli. "Sogea nipite."